Maswali yenu: shingo iliyopinda, jua la msimu wa korosho na maziwa yasiyo na mtoto

Haya jamani, tangu tugusie habari ya dawa za magonjwa ya akili meseji zimekuwa nyingi kweli, na kubwa lake ni kwamba nyingi zinatoka huku huku kwetu kusini, Mtwara na Lindi, kwaiyo safari hii nafasi yote nawaachia hao. Majina nimetoa, mahali nimeacha. Meseji ndefu nimezipunguza ila maneno ni yenu.

*Habari dokta. Mi ni mama wa hapa Mikindani. Mwanangu ana miaka 22, alirudi kutoka Dar hali sio, halali, anaongea na watu sisi hatuwaoni, anasema kuna watu wamemtegeshea kitu kwenye simu wanamfuatilia. Tukampeleka hospitali akaandikiwa haloperidoli za 5, asubuhi moja usiku moja. Siku ya pili jioni shingo ikapinda upande, macho yakapanda juu yakagoma kushuka, ulimi uko nje, anatoka machozi tu hawezi kusema. Shemeji zangu wakasema hilo ndo jini lenyewe limekasirika kuchanganywa na dawa za hospitali. Tukamwita mwalimu akasoma, usiku ikaachia. Vidonge tukatupa chooni. Sasa hivi sauti zimerudi na juzi kataka kumpiga mdogo wake. Tufanyeje?*

Pole sana mama yangu, na naomba unisome taratibu maana meseji yako ndo iliyonifanya niandike ukurasa huu wote.

Kilichompata mwanao kinajulikana, kinatokea, na kina dawa yake. Haloperidoli inafanya kazi kwa kuzuia kitu kinaitwa dopamini kwenye ubongo. Mtu akiwa kwenye hali kama ya mwanao ile dopamini sehemu fulani ya ubongo inakuwa imezidi, ni kama redio iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho, kila kitu kinapiga kelele, mtu akikohoa njiani anaona amekoholewa yeye. Dawa inapunguza ile sauti. Shida ni kwamba dopamini hiyo hiyo inatumika sehemu nyingine ya ubongo kuendesha misuli, kwaiyo ukiizuia kwa nguvu ghafla misuli inachanganyikiwa, inakaza yenyewe: shingo, taya, ulimi, macho, saa zingine mgongo mzima unapinda kwenda nyuma. Inawapata zaidi vijana wa kiume, na mara nyingi ni ndani ya siku 5 za mwanzo. Yaani mwanao ni yule yule ambaye vitabu vinamtaja, kijana, mwanaume, siku ya pili.

Sasa mwenye hali ile akifika hospitali anachomwa sindano, promethazini kwa mfano, ambayo vituo vingi wanayo, na mara nyingi ndani ya nusu saa hivi shingo imerudi. Baadae anapewa vidonge vya benzeksoli, wengine mnaijua kwa jina la Artane, anavinywa pamoja na haloperidoli kwa muda. Au dozi inapunguzwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema haloperidoli ianze na miligramu 1.5 mpaka 3 kwa siku halafu ndo ipandishwe kidogo kidogo kulingana na mgonjwa, na mwanao kwa siku alikuwa anakunywa 10 tangu siku ya kwanza. Simlaumu aliyeandika, simjui wala sikumuona mgonjwa alivyokuwa siku ile, pengine alifika anavunja vitu, ila mna haki ya kurudi na kusema hivi hivi ulivyoniandikia mimi: siku ya pili shingo ilipinda, tunaomba dozi ndogo au dawa nyingine au atupe na ya kuzuia. Hilo ni neno moja tu na linabadilisha matibabu yote.

Kuhusu kuachia usiku ule, mama, dawa ilikuwa inapungua mwilini, ndo inavyokuwaga. Kisomo endeleeni nacho kama ndo imani yenu, hakigombani na kidonge hata kidogo, mwalimu anaweza kukaa pembeni yake anasoma na kidonge amekunywa. Kinachogombana ni kutupa dawa. Na moja la kushika: ikitokea tena halafu ukaona koo limekaza, anashindwa kumeza au pumzi inakwama, hapo hakuna kusubiri kitu, ni kukimbia kituo cha karibu usiku huo huo.

Mrudisheni kesho. Kwa ninyi wa Mikindani hospitali ya mkoa ya Ligula iko karibu, ulizeni kitengo cha afya ya akili, na mkifika mwombeni aliyewahudumia ajaze fomu ya njano ya TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ya kuripoti madhara ya dawa, ile fomu ipo kwa kazi hiyo hiyo. Na mtoto mdogo msimwache peke yake na kaka yake kwa sasa, sio kwamba kaka ni mbaya, anaogopa tu vitu ambavyo kwake ni vya kweli kabisa.

Alafu kuna ndugu wameniuliza hizi dawa zilitokea wapi, mbona wazee wetu hawakuwa nazo. Ya kwanza ni klopromazini, ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa 1950, mwaka 1952 madaktari wa Paris wakaanza kuwapa wagonjwa wa akili, haloperidoli ikafuata 1958 kutoka Ubelgiji. Kabla ya hapo huko kwao nako ilikuwa kufungia watu na kuwafunga kamba, kama ambavyo bado kuna majumba huku kwetu mtu kafungwa mnyororo chumba cha uani. Hilo la mnyororo linaniuma sana na sitaacha kulisema.

*Dokta mambo vipi, niko Tandahimba. Bro wangu anatumia klopromazini mwaka wa pili sasa, akili imetulia vizuri tu, anafanya kazi. Ila msimu wa korosho ndo shida, akishinda shambani anaokota, ngozi ya shingo na mikono inaungua inababuka, akiinama akiinuka anaona giza, juzi kaanguka. Na si unajua tena mabibo yakiwa mengi uraka haukosekani. Aache dawa mpaka msimu uishe?*

Asiache. Kama dawa imemtuliza miaka miwili ndo imempa hiyo nguvu ya kuokota, akiiacha Oktoba yawezekana Desemba mkawa mnamtafuta msituni na korosho zimebaki chini.

Klopromazini ina tabia mbili zinazogombana na shamba. Ya kwanza inaifanya ngozi ishindwe kuvumilia jua, kwaiyo mikono mirefu, kofia pana au kilemba kinachofunika mpaka shingo, na kama inawezekana aokote asubuhi na mapema halafu arudi tena jioni, mchana akae chini ya mkorosho apange mifuko. Ya pili inashusha presha mtu anaposimama ghafla, ndo hilo giza. Kuokota korosho ni kuinama na kuinuka kutwa, sasa mwambie ainuke kwa hatua, apige goti kwanza, ashike kitu, ndo asimame. Bora zaidi aokote amekaa kitako anasogea. Na kwenye mashine ya kupulizia salfa asipewe kama bado ana usingizi usingizi wa dawa, wala asipande juu ya mti. Muulizeni dokta kama dozi kubwa inaweza kuhamia usiku, wengi inawasaidia.

Uraka na gongo, hapana. Sio kwa sababu ya dini wala tabia. Pombe na dawa hii vyote vinalaza ubongo na vyote vinashusha presha, mtu analala usingizi ambao hata akitapika haamki.

Sasa sikia hili la joto maana ndo linaloua. Hizi dawa zinaharibu mwili unavyojipoza, na kama anakunywa benzeksoli pia, jasho linapungua zaidi. Maji anywe mengi, asisubiri kiu. Na ikitokea homa kali, mwili umekakamaa kabisa mikono haikunjiki, anatoka jasho, moyo unaenda mbio, anachanganyikiwa hajui alipo, hiyo ni dharura kubwa, ni madhara adimu ya dawa zenyewe, yanaweza kuua. Huku kwetu kila homa ni malaria, sawa, apimwe malaria, lakini mwambieni mhudumu anatumia dawa gani na mwili umekaza tangu lini, na hapo dawa ya akili msimpe nyingine mpaka hospitali iseme. Hiyo ndo hali ninayoweza kusema simamisha kwanza uliza baadae mkiwa njiani kwenda hospitali.

Na akikutwa na malaria kweli? Anatibiwa kama kawaida, ila aseme dawa anazotumia, kwasababu mseto na hasa kwinini vinagusa umeme wa moyo, na haloperidoli na klopromazini navyo vinagusa huko huko. Mara nyingi inapita salama. Mwenye moyo mbovu au aliyetapika na kuharisha sana ndo wa kuangaliwa kwa karibu zaidi. Pia kuna dawa ya kutapika, metoklopramidi, wengi mnaijua kama Plasil, hiyo na haloperidoli pamoja zinaongeza ile ya shingo kupinda, dukani mkiomba dawa ya kutapika semeni kwanza.

*Shikamoo dokta. Mimi ni dada wa miaka 27, Lindi mjini, nimeolewa mwaka jana. Natumia risperidoni. Miezi minne sijaona siku zangu na matiti yanatoa maziwa. Mama mkwe kafurahi anajua nna mimba, mi nimepima mara mbili hamna kitu. Sasa wameanza maneno, eti kuna mtoto nimemficha huko nyuma au kuna kitu nimefanyiwa. Mume hajui hata kama natumia dawa. Natamani niziache nipate mtoto.*

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma meseji yako zaidi ya mara moja na naona ulivyobeba peke yako.

Hujafanyiwa kitu na hamna mtoto uliyemficha. Risperidoni, na haloperidoli pia, zikizuia dopamini zinafungulia homoni inaitwa prolaktini, ambayo ndo inayoleta maziwa kwa mama anayenyonyesha, na mwili ukiona prolaktini iko juu unajua huyu ananyonyesha basi hedhi inasimama. Wanaume nao inawapata, nguvu zinapungua, hamu inakata, wengine kifua kinajaa, na hawasemi, wanaacha dawa kimya kimya, mke anaona tu ugonjwa umerudi. Wanaume mnaosoma hapa semeni na dokta, hilo nalo linabadilishiwa dawa.

Kwako wewe, rudi kliniki useme haya mawili, siku zako huzioni na maziwa yanatoka, na useme unataka kuzaa. Kama kuna uwezekano wapime prolaktini. Kuna dawa ambazo hazipandishi prolaktini hivyo, olanzapini inapandisha kidogo tu na mara nyingi inapatikana, dokta anaweza kukuhamisha taratibu, ya zamani inashuka mpya inapanda, na mara nyingi siku zinarudi. Ila uwe macho, prolaktini ikishuka mimba inaweza kuingia hata kabla hujaona hedhi ya kwanza, kwaiyo panga na dokta kabla ya kubadilisha.

Mimba ikiingia usikimbie kuacha dawa. Kwa mwenye ugonjwa huu kuugua tena akiwa mjamzito ni hatari kwake na kwa mtoto, halali, hali, haendi kliniki. Wajawazito wengi wanaendelea na dawa zao kwa dozi ndogo inayotosha, na wanajifungulia hospitali ili mtoto aangaliwe siku za mwanzo maana anaweza kutetemeka kidogo au kulegea au kushindwa kunyonya vizuri kwanza. Wahudumu wa wodi ya wazazi wakijua mapema wanajipanga.

Na mumeo. Mi siwezi kukuamulia, unamjua wewe. Lakini naona mzigo wa maneno ya ukweni utaendelea mpaka kuwe na mtu mmoja mle ndani anayejua ukweli. Kama unaona ngumu mpeleke kliniki, mwombe mhudumu amueleze yeye mbele yako, wanaume wengi wakielezwa na mtu wa hospitali wanapokea tofauti. Dawa yako kama ingekuwa ya presha ungeificha?

*Naomba kuuliza, Kilwa. Mfungo unakuja, nakunywa olanzapini usiku na benzeksoli asubuhi. Nifunge?*

Ya usiku haina shida, inywe baada ya kufuturu au ukienda kulala. Benzeksoli ya asubuhi muulize dokta kama unaweza kuihamishia daku, au kama bado unaihitaji kabisa, maana kwa olanzapini wengi hawaihitaji. Kinachonitia wasiwasi ni usingizi: kukesha na kuamka daku kila siku, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili kukosa usingizi kunaweza kuurudisha, kwaiyo lala mapema, futari za kukaa mpaka saa sita waachie wengine. Kama kwenye dawa zako kuna lithiamu, hiyo usifunge bila kuongea na dokta kwanza, mwili ukikauka maji inageuka sumu. Na mgonjwa ameruhusiwa kutofunga, sheikh wako atakwambia.

*Masasi hapa. Bibi ana miaka 80 na kitu, amesahau kila kitu, usiku anatoka nje anaita marehemu babu, anatukana. Jirani alitupa haloperidoli zilizobaki za mwanae tukampa nusu, akalala siku mbili. Tuendelee nusu au robo?*

Hapana. Wala robo. Naomba mziache leo, na kama bado anasinzia mno au hawezi kumeza vizuri apelekwe kituo.

Dawa ya mtu mwingine haigawiwi, lakini hapa kuna zaidi. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kubwa kwenye zile mpya kama risperidoni na olanzapini, mwaka 2008 ikaongeza na za zamani kama haloperidoli, kwamba wazee waliopoteza kumbukumbu wakipewa hizi dawa wanakufa zaidi kuliko wenzao wasiopewa, karibu mara moja na nusu au zaidi kidogo, wengi kwa moyo au nimonia. Anasinzia, chakula kinaingia njia ya hewa, anaanguka anavunjika nyonga. Kuna wakati dokta anaitumia kwa mzee, akiwa hatari kweli, dozi ndogo sana muda mfupi. Hiyo ni kazi ya dokta.

Nyie tafuteni kwanza kilichomwamsha. Mzee akibadilika ghafla mara nyingi kuna kitu: UTI, malaria, hajapata choo siku nyingi, jino, masikio, maumivu ambayo hawezi kuyasema tena. Mpimeni. Mchana akae nje kwenye mwanga asilale kutwa, usiku taa ndogo iwake, mlango uwe na komeo la juu. Akimwita babu msibishane nae kwamba alikufa, kila mkimwambia kwake ni msiba mpya, muulizeni babu alikuwaje, atasimulia mpaka atulie.

*Bodaboda, Nachingwea. Natumia olanzapini mwaka sasa, nimenenepa kilo 14, kiu kila saa. Sigara navuta pakiti, nataka niache. Na hizi dawa ni mpaka kufa?*

Kaka, kiu kila saa na kilo 14, kapime sukari wiki hii. Olanzapini inaongeza njaa na inaweza kuleta kisukari, ndo maana mtumiaji anatakiwa apimwe uzito, presha na sukari mwanzoni na baadae mara kwa mara. Punguza soda na maandazi ya kijiweni, tembea, ila ukiona hata hivyo kilo zinapanda omba kubadilishiwa.

Sigara acha, ni jambo zuri sana, lakini mwambie dokta tarehe. Moshi wa sigara unafanya ini lichome olanzapini haraka, ukiacha ghafla dawa inabaki nyingi mwilini na dozi ile ile inakuwa kubwa, usingizi unakuzidi uko barabarani na abiria. Wa klozapini, dawa nyingine ya magonjwa ya akili, ndo zaidi. Na klozapini kwa sababu inaweza kuua chembe nyeupe za damu, mtumiaji anapimwa damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo, asiyeweza kupima asianzishwe.

Mpaka kufa? Inategemea. Kama ni mara ya kwanza kuugua, mwongozo ni uendelee angalau miezi 12 baada ya kupona kabisa, ndo mkae na dokta muangalie kupunguza polepole. Aliyeugua mara nyingi ni miaka. Mwaka 2012 zilikusanywa tafiti nyingi pamoja zikahesabiwa, ndani ya mwaka hivi waliobaki kwenye dawa waliugua tena 27 kati ya 100, waliotolewa ni 64 kati ya 100. Kwaiyo dawa haizuii wote, na wapo walioacha wakabaki salama, lakini tofauti unaiona mwenyewe.

*Liwale. Kaka yetu anakataa dawa, sisi tunamsagia kwenye uji hajui. Kosa?*

Najua mmefika hapo kwa kuchoka, na wanaowalaumu hawajakaa na mgonjwa usiku. Lakini hailindi. Uji mmoja anamaliza, mwingine anaacha nusu, hamjui kala kiasi gani, shingo ikikaza hajui kwanini, na siku akigundua, mtu ambaye tayari anaogopa kuwekewa sumu amepata ushahidi kwamba ni kweli. Baada ya hapo chakula chenu hatakula tena.

Muulizeni kwanini anakataa, akiwa ametulia. Jibu la wengi sio ubishi, ni kwamba mara ya mwisho dawa ilimfanya ashindwe kukaa, miguu inatembea yenyewe, kiti kinamuwaka, kuna hali kama hiyo na watu wanadhani ugonjwa umezidi, mgonjwa anaongezewa dozi, kumbe ni dozi yenyewe. Inapunguzwa dozi, au wanampa propranololi kama hana pumu. Akiona mmemsikia hapo mnaweza kumpa chaguo: kidonge kimoja usiku, au sindano ya flufenazini, Modecate, ambayo inachomwa kila baada ya wiki 2 mpaka 5. Ya kwanza inakuwa dozi ndogo ya kujaribia maana ikishaingia haitoki, mkakae nae siku kadhaa mkiangalia shingo na mwili kukaza. Wengi wanaipenda kwa sababu nyumbani hamna tena ugomvi wa "umemeza hujameza". Kabla hamjatoka Liwale pigeni simu muulize kama ipo, isije mkafunga safari mpaka hospitali ya Sokoine Lindi mkakuta imeisha, na kama gharama ndo tatizo ulizeni ustawi wa jamii pale hospitali habari ya msamaha.

Uji wa kesho mpeni mtupu.